Moshi wa Jana

Inasimuliwa kwamba, zama Bani Israili walipokuwa chini ya mfalme wa kigeni aliyewaharamishia Taurati na mapumziko ya Sabato, kulikuwa na kijiji milimani ambako askari waliwatambua waumini kwa moshi. Kila Jumamosi asubuhi walisimama juu ya ngome wakayatazama mapaa. Nyumba isiyofuka ilikuwa ya mtu aliyekataa kuwasha moto siku hiyo tukufu, na mwenyewe akichukuliwa hakuonekana tena.

Wanakijiji wakabuni hila. Ijumaa kabla jua halijazama waliwasha moto na kuufunika kwa mashudu ya zeituni, ukafuka polepole hadi kesho yake. Sheria haikuvunjwa, na askari waliridhika.

Hapo aliishi mjane mchamungu, Bibi Shelomithi, Mola amrehemu. Mwanawe wa pekee, Yoezeri, alikuwa amejiunga na wale waliomwasi mfalme na kujificha kule juu mlimani, akarudishwa kwa siri akiwa na jeraha la mkuki. Mama alimficha chumba cha ndani.

Mkesha wa Sabato moja mvua ilipenya paani, moto ukazimika. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelala bondeni, mapaa yakielea juu yake kama yamo usingizini, na kila moja likitoa uzi wake wa moshi isipokuwa la mjane. Yoezeri, homa imempanda, hakujua kama yu macho au anaota.

"Mama, washa," alisema. "Wazee kule mlimani wameturuhusu kujitetea hata leo."

"Nao wamesema haki, mwanangu. Lakini wao wakiinua upanga, wanajitangaza ni akina nani. Mimi nikiwasha sasa, nitakuwa nimesema simjui Mola wangu. Ila roho ni yako, siwezi kuitoa mimi. Ukiniambia niwashe, nitawasha."

"Acha, mama," akasema.

Basi Bibi Shelomithi akavaa nguo yake nyeupe, akaketi mlangoni, akiogopa. Ndiyo, aliogopa, tusiwafanye waja wema kuwa mawe. Askari wachache wakajitokeza kutoka ukunguni, na mkubwa wao akauliza, "Mbona kwako hakuna moto?"

"Leo ni Sabato, bwana."

Jirani yake Malkiya, mtu aliyejulikana kwa woga, alikuwa akichungulia. Akatoka. "Hata mimi sikuwasha leo," alisema. "Moshi ule ni wa jana."

Mlango mwingine ukafunguka. "Hata wangu ni wa jana." Kisha mwingine, na mwingine, sauti zikija ukunguni bila nyuso, mpaka yule mkubwa asijue ageukie wapi. Akawatazama wenzake, akaona uchache wao, akarudi ngomeni kuita jeshi. Jeshi lilipofika lilikuta kijiji kitupu. Watu walikuwa wamepanda mlimani, Yoezeri wamembeba juu ya ubao wa mlango wa Malkiya, na hakuna aliyehoji kubeba mzigo siku ya Sabato, maana huko kulikuwa kuokoa roho.

Ndugu zangu, sisi hupenda kujifananisha na Bibi Shelomithi. Tusijidanganye. Wengi wetu ni Malkiya: imani tunayo, ila tunamngoja mwingine atangulie. Hata hilo si haba mbele ya Mwenyezi Mungu, ikiwa mwishowe tunatoka. Atujaalie tusichelewe.