Pimbi na Radi Kuukuu za Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika mwituni na kila nyumba ilikuwa na runinga, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua. Kanyama kadogo, kanene kidogo, hakana mkia wa kuringia wala pembe za kumtishia mtu. Alikaa katika nyumba ya mawe na binti yake, Semeni. Mumewe, Baba Semeni, alikuwa mbali sana, kwenye machimbo ya mawe ya Mlima Ngurumo, na nyumbani alirudi mara moja tu kwa mwaka.

Huko machimboni simu haikushika. Lakini wachimbaji walikuwa na Radi.

Radi ilikuwa mashine ya gemu. Sanduku jeusi, unaliunganisha na runinga, unashika padi mikononi, unacheza mpira au unakimbiza magari. Na ile padi ilikuwa na kipaza sauti kidogo, kwa hiyo wa huku alicheza na wa kule, tena wakazungumza.

Basi kila jioni Semeni aliwasha Radi yao, na sauti ya baba yake ikatoka runingani.

"Semeni! Leo nakufunga!"

"Thubutu, baba!"

"Umekula?"

"Bado."

"Umemsaidia mama kuteka maji?"

"Nimemsaidia. Baba, angalia mpira! Goooli!"

Hivyo ndivyo Baba Semeni alivyomlea mwanawe, kati ya goli na goli. Siku moja umeme ulikatika, na Semeni akakaa ameikumbatia padi, kaelekea ukutani, chakula hakugusa mpaka umeme uliporudi.

Sasa sikilizeni. Sauti za mashine zote hizo zilipita kwenye mnara mmoja, na mnara ulikuwa juu ya paa la duka la Fisi. Asubuhi moja Fisi akapanda juu ya meza, akashika kipaza sauti.

"Haya haya haya! Radi Mpya imeingia! Inang'aa, ina kasi, haina mfano! Siku ya soko, jua likifika utosini, waya wa Radi kuukuu naukata. Kwachu! Mnara wangu haubebi wazee na vijana pamoja. Mwenye kuukuu ailete hapa, nitamweka mbele kwenye foleni ya mpya!"

Loo! Wanyama walivyokimbia! Vumbi lilitimka. Kila mmoja na Radi yake kwapani, jana tu alikuwa akiifuta kwa kitambaa, leo anaitupa uani kwa Fisi kama ganda la ndizi. Na pale uani alisimama Tembo, kibarua wa Fisi. Kazi yake ilikuwa moja, kuzikanyaga.

Kacha! Kacha! Kacha!

Pimbi aliisikia ile sauti akiwa jikoni kwake, na kila kacha moyo wake uliruka. Alitia chumvi kwenye mchicha, akasahau, akatia tena. Akatoka mlangoni, akarudi ndani, hajui alichofuata.

Jirani yake, Mama Kiboko, akapita amebeba sanduku jipya.

"Shoga, mbona umeduwaa? Peleka yako mapema!"

"Hiyo mpya, inaongea na zile za zamani?"

"Wapi! Hata sidii zangu za zamani haizitaki. Niliziingiza, ikazitema, ptuu! Nina gemu moja tu mpaka sasa." Mama Kiboko akashusha sauti. "Lakini ndiyo mpya, au siyo?"

Pimbi akarudi ndani. Semeni alikuwa amekaa sakafuni, amesikia yote.

"Mama, waya ukikatwa, baba atajuaje?"

"Atajuaje nini, mwanangu?"

"Kwamba hatujamkimbia."

Pimbi alijifunga kanga, akaenda kwa Fisi mbio.

"Bwana Fisi, nakuomba. Usiukate ule waya. Mwanangu hana njia nyingine ya kumsikia baba yake."

"Hiii-hi-hi! Mama Semeni, unalia kwa ajili ya sanduku? Mwambie mumeo anunue Radi Mpya."

"Huko machimboni ataipata wapi?"

"Hilo silo langu. Ondoka, unaziba foleni!"

Pimbi akaondoka anafuta machozi. Lakini akiwa langoni, Mama Kiboko akawa anapita tena, safari hii na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Fisi akaacha wateja wake wote. Akanyoosha shingo, pua ikimchezacheza.

"Nini hicho? Umefunika nini? Hebu nione!"

"Mihogo tu, Bwana Fisi."

"Funua! Funua nione!"

Hakutulia mpaka ameiona ile mihogo kwa macho yake. Pimbi akasimama. Machozi yakamkauka. Wazo lilimjia, na lilimtia hofu.

Kesho yake alifika uani kwa Fisi na mkokoteni. Kimya kimya akaanza kuokota Radi ambazo Tembo alikuwa hajazifikia, anazipanga, kisha akazifunika kwa kanga, akachomekea ncha zote. Ndani ya kifua moyo unakwenda ndu ndu ndu. Usoni anatabasamu.

"Wee Pimbi!" Fisi huyo, katokea. "Unabeba nini?"

"Takataka tu, Bwana Fisi. Nakusaidia kufagia."

"Takataka hufunikwa?"

"Aa, mimi na haya zangu tu." Akaushika mkokoteni aondoke. "Tena nimekuja kukushukuru. Jana nililia kwa ujinga. Ukate waya, Bwana Fisi. Ukate hata leo, siku ya soko mbali."

Fisi akauwekea mguu mkokoteni. "Jana ulisema nisikate. Leo unasema nikate. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Pimbi!"

"Wallahi hakuna kitu." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mwizi. "Nikikwambia utaninyang'anya."

"Mimi? Mimi niliye kama kaka yako?"

Pimbi akavuta pumzi, akasema kwa sauti ndogo hata Fisi akalazimika kuinama. "Kila mtu anazitupa sasa. Tembo anazivunja. Si zitakwisha? Zikishakwisha, watoto wa leo watakuwa wazee, watakumbuka utoto wao. Watazitafuta mwitu mzima na hawatazipata. Watakuja kupiga magoti kwa mwenye nazo." Akaigusa ile kanga. "Sasa niachie, kaka yangu. Mimi ni maskini."

Macho ya Fisi yakawaka. Mate yakamdondoka.

"Tembo! Acha! Acha kukanyaga! Inua mguu!"

Tembo akabaki mguu juu, anashangaa.

"Shusha hizo zote kutoka kwenye mkokoteni," Fisi akaamuru. "Zote zangu. Na kesho asubuhi, Pimbi, nakuja na Tembo kuchukua na ya nyumbani kwako. Hiii-hi-hi! Na nyumba nyingine zote zilizobaki nazo!"

Lahaula! Hilo Pimbi hakuwa amelifikiria. Alitaka kuiokoa Radi, naye kamwelekeza Fisi mpaka mlangoni kwake! Njia nzima ya kurudi alikuwa akijisemea, "Nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?" Jioni ile Semeni alicheza na baba yake, na Pimbi akakaa nyuma ya mwanawe anaisikiliza ile sauti kama mtu anayemsikiliza mgonjwa anapumua. Hakumwambia mumewe kitu. Atamwambia nini? Alitafuta njia, akaitupa, akatafuta nyingine.

Asubuhi, puu! puu! puu! Ardhi ikatikisika. Tembo huyo, na Fisi mbele yake. Semeni akalilalia sanduku kwa tumbo lake.

"Mama, wasilichukue! Mama!"

"Inuka, mwanangu," Pimbi akasema. "Karibuni. Chukueni. Nimeifuta vumbi kabisa."

Fisi akalinyakua. Alishafika mlangoni Pimbi aliposema, kama anajisemea mwenyewe, "Masikini, na hizi nazo zitakufa."

Fisi akageuka. "Zitakufa nini?"

"Radi, Bwana Fisi. Kwani hujui? Zisipochezwa zinaganda. Unyevu unaingia, mende wanataga mayai ndani, kumbukumbu inafutika. Kitu kilichokufa nani atakipigia magoti? Mimi nilipanga kuziwasha zote kila jioni. Lakini wewe una mlima mzima pale uani, sijui utawezaje."

Fisi akakuna kichwa. "Kila jioni?"

"Kila jioni. Tena..." Akasita.

"Tena nini? Sema!"

"Aa, nisiseme. Nilikuomba uukate waya, kumbe nilikosea mimi mwenyewe. Jana nilijaribu. Nikachomoa ule waya wa mnara, gemu likalala usingizi. Radi bila mnara, Bwana Fisi, ni sanduku la kuwekea dagaa."

Fisi alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, akarudi. Pimbi alitamani kumwambia la kufanya, ulimi ulimwasha, lakini alijua kwamba neno moja zaidi lingeharibu yote. Akauma mdomo. Akasubiri.

"Nimepata!" Fisi akapiga kelele. "Hiii! Akili hizi nimezitoa wapi mimi? Sikati waya, naacha. Na Radi zangu nazigawa nyumba kwa nyumba, kila mtu anitunzie moja. Waziwashe kila jioni! Wacheze, watake wasitake! Siku zitakapoadimika, nazikusanya!"

"Loo, Bwana Fisi," akasema Pimbi. "Mimi nisingeliwaza hilo."

Hapo Tembo, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike, akakunja paji la uso. Wazo lilikuwa linamjia polepole, kama maji yanavyopanda kisimani.

"Lakini Bwana Fisi," akasema, "kama kila nyumba inayo moja, na kila moja inatunzwa, zitaadimikaje?"

 Semeni akamshika mama yake kanga kwa nyuma. 

Fisi akamgeukia Tembo taratibu.

"Ala! Nani kakuuliza wewe? Wewe nimekuajiri kwa miguu! Kufikiri ni kazi yangu. Rudisha hilo sanduku chini, lianze hapa hapa kutunzwa. Na wewe Pimbi, ole wako nisikie hujaliwasha hata jioni moja!"

"Nitajitahidi, Bwana Fisi," akasema Pimbi, na sauti ilimtetemeka, na Fisi akadhani anamwogopa yeye.

Siku ya soko ikafika. Jua likapanda, na Pimbi akasimama katikati ya watu, macho yake yako juu kwenye mnara. Je, Tembo akirudia swali lake? Je, Fisi akiamka na akili nyingine? Jua lilipofika utosini, Fisi akapanda mezani, na mkononi ameshika koleo la kukatia waya.

Pimbi akafumba macho.

"Haya haya haya! Tangazo! Waya haukatwi! Radi kuukuu kila nyumba ichukue moja, bure, muitunze! Anayezembea ataniona!" Akamrushia Tembo lile koleo. "Kaliweke stoo."

Wanyama wakatazamana. Mama Kiboko ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda uani, anajifanya kulalamika. "Basi nitafanyaje, ni amri," akasema, na sidii zake za zamani tayari ziko mkobani.

Jioni Semeni akawasha. Runinga ikawa nyeusi. Ikaendelea kuwa nyeusi. Pimbi akasogea, mkono mdomoni. Labda wamekata kwa siri. Labda huko machimboni ndiko kulikoharibika. Labda...

"Semeni? Mbona umechelewa, mwanangu? Umekula?"

"Bado, baba!"

"Nenda ukale kwanza. Mimi nipo, siendi popote."

Pimbi akakimbilia jikoni kupakua. Mwanawe alikula ugali wote usiku ule, na mchicha akaongezewa.

Fisi je? Fisi anazunguka nyumba kwa nyumba, anachungulia madirishani kuhakikisha kuukuu zimewashwa, na kila anayemuuliza lini atazikusanya humjibu, "Bado kidogo." Na Pimbi kila anapomwona anapita humsalimu kwa adabu, kisha hungoja mpaka hatua zake zipotee ndipo apumue.

Basi wanangu, funzo lake ni hili: ukishajua mwenye nguvu anatamani nini, huhitaji kupigana naye.