Pimbi Agombea Upawa wa Kantini

Nipeni masikio yenu!

"Yachukue, ila uyarudishe mazima!"

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasoma, palikuwa na chuo porini, na chuoni kulikuwa na kantini. Dirisha la kantini lilikuwa juu, kimo cha Nyati. Wakubwa wakifika, wanapakuliwa. Wadogo wakifika, wanangoja kinachodondoka. Mwenye mkosi kuliko wote alikuwa Kobe. Akifika yeye, mpishi anakwangua ukoko, kwangu, kwangu, kwangu. Kobe wa watu anakunywa maji, anakwenda kulala.

Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, alikuwa anakaa chumba kimoja na Kobe. Kila akijilaza anasikia tumbo la mwenzake, nguru, nguru, nguru. Roho ikamuuma. Akasema basi, mwaka huu nagombea, liwalo na liwe.

Cheo kilichokuwa wazi katika chama cha wanafunzi ni Katibu wa Ustawi na Jamii Zote. Huyo ndiye anayeshika upawa wa kantini na kuhakikisha kila jamii inakula, wenye pembe na wasio na pembe. Na Fisi naye alikitaka. Ustawi wapi! Alikuwa anautaka upawa tu. Nyati na wakubwa wenzake walishamwahidi kura, na wadogo walikuwa wanamwogopa.

Siku ya uchaguzi ikafika. Wanafunzi wakakusanyika na mabakuli yao, chakula bado hakijaguswa. Mwalimu Korongo, mlezi wa chama, akawaita wagombea mbele. Fisi akamtazama Pimbi toka juu hadi chini, na safari yenyewe fupi, akacheka.

"Wewe hata dirishani hufiki. Utampakulia nani?"

"Kweli, kaka, sifiki," Pimbi akasema. "Ndiyo maana naomba kitu kimoja. Anayetaka kuhudumia jamii zote, kwanza aonje chakula cha kila mmoja, ajue wenzake wanakula nini. Tuonje, halafu wapige kura."

Fisi kusikia kuonja, udenda ukamtoka. Akakubali hata Mwalimu hajaulizwa.

Wakaanza. Kwa Swala, Pimbi akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema asante. Fisi akaonja, kapu, bakuli tupu. Kwa Ngiri, Pimbi akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema asante. Fisi akaonja, kapu, bakuli tupu. Majani Fisi hali, jamani, lakini siku hiyo alikula hata majani, asije akaambiwa anabagua. Wakafika kwa Nyati, aliyekuwa amembebea Fisi bango la kampeni tangu asubuhi. Pimbi akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema asante. Fisi akaonja, kapu, kapu, kapu. Nyati akamwambia polepole kwamba hicho ndicho chakula chake cha siku nzima. Fisi akamjibu, mdomo umejaa, kwamba avumilie kidogo, uongozi una gharama.

Mabakuli yalipokwisha, Mwalimu Korongo akaamuru kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Fisi akajaribu kuinuka, tumbo limejaa ndi, puu, akakaa. Akageuka autazame mlolongo wake. Nyuma yake palikuwa na nzi.

Nyati alikuwa ameshavuka upande wa pili, tumbo linamlia nguru, nguru, nguru, na kwa mara ya kwanza akajua Kobe analala vipi. Wote walikuwa nyuma ya Pimbi, isipokuwa Kobe, ambaye bado alikuwa njiani. Pimbi akaomba hesabu isianze. Wakamngoja mpaka akafika.

Kesho yake dirisha la kantini likateremshwa hadi chini. Kobe akapakuliwa wa kwanza, ugali wa moto na maharage, akala huku machozi yanamtoka.

Sasa funzo, wanangu: usile chakula cha watu kabla hujachaguliwa. Jikaze, onja kwa ncha ya ulimi, sema asante. Ukishatangazwa, hapo kula.

Haya, masikio yenu hayo, nayarudisha. Kama kuna lililong'atwa, mwulizeni Fisi. Atawaambia alikuwa anaonja tu.