Pimbi Ajifunza Lugha ya Mashine

Paukwa!
Pakawa!
Mlio nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wamekwisha kuteka umeme wa jua, kulikuwa na chuo cha uhandisi juu ya kilima cha mawe. Hapo walisoma Pimbi na Nyegere. Pimbi mdogo, Nyegere mkaidi. Wakakaa dawati moja, wakala sahani moja, wakapendana kama ndugu.

Nyegere hesabu alizimeza. Mwalimu akiuliza, huyo! Mtihani ukija, huyo! Pimbi naye alifaulu, lakini kwa jasho.

Likizo ikafika. Pimbi akasema, "Ndugu yangu, twende kwa Shangazi Kasuku. Anafundisha lugha ya mashine. Anaandika maagizo, kompyuta inatii."

"Imo kwenye mtihani?"

"Haimo."

"Basi mimi nalala." Akajikunja. Khorrr, khorrr.

Pimbi akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Kasuku nyumbani kwake.

"Shikamoo, shangazi. Nifundishe."

"Marahaba. Nitakufundisha, lakini mashine haina huruma. Ukikosea nukta moja, inanuna."

Pimbi akaandika. Ikanuna. Akaandika tena. Ikanuna tena. Siku moja akaangua kilio, akasema anarudi kwao.

Kasuku akamwambia, "Lia. Ukimaliza, soma tena kuanzia juu."

Akalia, akasoma. Kosa akaliona, akalifuta. Taa ndogo ikawaka, pi! Pimbi akaruka kwa furaha. Tangu hapo hata kula alikuwa wa kuitwa.

Chuo kikafunguliwa, mbingu zikafungwa. Mvua hakuna. Mto ukakauka. Ikabaki pampu moja ya kisimani, inayokwenda kwa jua, aliyoifunga Korongo kabla hajahamia mbali. Asubuhi moja nayo ikanyamaza. Jii!

Mama Swala akaja chuoni mbio. "Wanangu wahandisi, watoto wanakufa kiu!"

Wakateremka wote. Nyegere akaizunguka pampu, akaipiga teke. Jii! "Imekufa hii. Tuivunje tuone ndani."

"Ngoja, ndugu yangu!" Pimbi akafungua kisanduku cha kompyuta ya pampu, akasoma maagizo, mstari kwa mstari. Hili si zoezi la kwa shangazi. Pampu hii ikiungua, hakuna nyingine.

"Haijafa," akasema. "Inatii. Iliambiwa, maji yakishuka chini ya alama hii, simama, usije ukaungua. Na maji yameshuka. Tuishushe pampu, nami niibadilishie agizo."

"Ishushwe mpaka chini kabisa!" wanyama wakapiga kelele.

Hilo Pimbi hakulijua. Akamtazama Nyegere.

Nyegere akachuchumaa, akachora mchangani, akazidisha, akagawanya. "Chini kabisa hapana. Haina nguvu za kuyainua maji kutoka huko. Ishushwe hadi unapoanzia mwamba mweusi ndani ya kisima. Hapo itaweza."

"Una hakika?"

"Hesabu nina hakika nazo. Wewe je, na maagizo yako?"

"Nina hakika."

Wakashika kamba, wakaishusha, polepole, polepole. Pimbi akaandika, akakosea, akafuta, akaandika upya. Akabonyeza.

Ng'uuu... ng'uuu... Bomba likakohoa, koh! koh! Likatema matope. Mama Swala akafumba macho.

Chururururu! Maji!

Watoto wakanywa, wakagaagaa matopeni, na siku hiyo hakuna mama aliyegomba. Nyegere akaja akakaa kando ya Pimbi, amelowa chapachapa.

"Dada, likizo ijayo unaenda tena kwa shangazi?"

"Naenda."

"Utanipitia?"

"Nitakupitia."

Wakaenda. Nyegere akajifunza, kwa shida, kwa ubishi, lakini akajifunza.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo, msiyadharau ya darasani, maana bila hesabu pampu ingeshushwa pasipofaa. Lakini msingoje darasa liwape kila kitu. Chuo kikifungwa, tokeni, mtafute ujuzi ambao watu wanauhitaji, mpaka mikono yenu iuzoee.

Ngano yangu inakomea hapa. Aliyeisikia vizuri, akamsimulie jirani.