Haja za Wanawake wa Soko la Kwemivumo

Haja haiulizwi barazani. Hivyo ndivyo yule muuza ndizi alivyowajibu leo asubuhi, mlipomsimamisha na karatasi zenu za maswali mbele ya watu. Soko zima likacheka, nanyi mkarudi hapa mmenuna. Sasa mnaniuliza maneno yale yametoka wapi. Yametoka kinywani mwa mwanamke mmoja, na mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi. Kaeni niwaeleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika ofisi ya maendeleo. Tulitumwa kupima haja za wafanyabiashara wadogo, wale ambao mkopo haukuwahi kuwafikia wala msaada. Soko nililopangiwa lilikuwa Kwemivumo, juu milimani. Wanaume walikuwa na maduka ya mbele. Nyuma, juu ya magunia, waliketi wanawake sitini na mmoja, wakiuza nyanya, ndizi, vyungu na vitumbua. Hao ndio niliotumwa kwao.

Nikaitisha mkutano. Nilikaa kwenye kiti, kando yangu mwenyekiti wa soko, Mzee Hoza, na wenye maduka wapatao arobaini wamesimama nyuma yetu. Wanawake walikaa chini, mbele yetu. Nikafungua daftari, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Kina mama, nataka kila mmoja aseme bila kuogopa. Mna haja gani?"

Kicheko kikaanza kwa waliokaa nyuma, kikaenea, na wanawake wazima wakafunika nyuso kwa kanga. Nilikasirika. Nilidhani wananicheka mimi na ujana wangu.

Mzee Hoza akaniokoa. "Waandikie mizani," alisema. "Soko bila mizani si soko."

Nikauliza nani anataka mizani. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, huku wakimtazama mwenyekiti. Nikahesabu hamsini na minane. Nikaandika hesabu hiyo kwa wino mweusi na kuipigia mstari chini. Njiani nilijiona mtu aliyefanya kazi.

Baada ya miezi minne mizani ikaja, thelathini, ndani ya maboksi. Mkuu wangu wa kazi alikuja mwenyewe kuikabidhi. Jua lilikuwa kali na hotuba ilikuwa ndefu. Aliyechaguliwa kupokea ya kwanza alikuwa Namkunda, muuza vitumbua, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Siku hiyo alipoitwa hakuitikia. Aliinuka polepole, akapiga hatua mbili, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi vumbini.

Mkuu wangu akaanza kupiga makofi. Alidhani ni shukrani. Nasi wote tukampigia makofi. Wanangu, tulimpigia makofi mwanamke aliyezimia.

Wenzake ndio waliopiga ukunga. Nikakimbia na kikombe cha maji, nikamwinua kichwa. Akafumbua macho, akaona kikombe, akafunga mdomo kwa nguvu. Nikakisogeza. Akageuza uso.

"Usinipe maji," alisema. "Bado mchana."

Sikuelewa. Tulimbeba hadi zahanati, na muuguzi, Bi Mboni, akampokea. Alipotoka ndani alinitazama suti yangu, akauliza, "Wewe ndiye uliyekuja kupima haja zao?"

"Ndimi."

"Basi ulipima nini? Huyu mwili umemkauka na figo zinamuuma. Hajanywa maji tangu alfajiri. Na si yeye tu. Naletewa hawa kila wiki."

Nje alikuwa amekaa Bi Nakijwa, muuza vyungu, mkubwa wao kwa umri. Nikamwamkia, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, kwa nini alikataa maji?"

Akatazama kulia na kushoto. Hakukuwa na mtu.

"Soko letu lina choo kimoja," alisema. "Kiko nyuma ya duka la kahawa, hakina mlango, na wanaume wanakaa pale kutwa. Ukishikwa na haja, ni kushuka mtoni, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Ukirudi, mbuzi wamekula nyanya zako na wateja wameondoka. Kwa hiyo hatunywi. Tukitoka nyumbani alfajiri tunafunga vinywa, tunavifungua jioni."

"Kwa muda gani?"

"Mimi? Mwaka wa kumi na tisa huu."

Nikakaa chini kabisa. "Mama, mbona hamkusema siku ile? Niliwauliza!"

"Uliuliza, mwanangu. Ulituuliza tuna haja gani, mbele ya wanaume arobaini. Mume wangu mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwako. Hoza ni mume wangu. Ulitaka nijibu nini? Hata tulipocheka, hukuuliza tunacheka nini." Akasema taratibu: "Haja haiulizwi barazani."

"Na mizani?"

"Nyanya tunauza kwa fungu, ndizi kwa chana, kitumbua kimoja kimoja. Mizani ya nini? Mzee ananunua maharage kwa kilo, huyo ndiye mwenye shida ya mizani."

Usingizi haukunijia siku mbili. Nikarudi na kumwomba Bi Mboni anisaidie. Mimi nilibaki zahanati. Yeye alizunguka sokoni kwa siku tatu, akiinama kwenye kila gunia kama anayechagua nyanya, akiuliza kwa sauti ya chini. Aliponiletea karatasi, niliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Kati ya wanawake sitini na mmoja, hamsini na tisa walikuwa hawanywi chochote hadi jioni. Ishirini na watatu walikuwa wametibiwa mwaka ule kwa ugonjwa uleule wa Namkunda. Watano walikuwa waja wazito.

Nikaipeleka kwa mkuu wangu. Akaisoma nusu, akairudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Ripoti ilishakwenda, imeandikwa mizani," alisema. "Unataka nikasimame mbele ya wakubwa nizungumzie vyoo vya wanawake?"

Nikaona aibu ileile niliyoiona sokoni, ila sasa imevaa tai. Nikaichukua karatasi yangu na kupanda tena mlimani, hadi kwa Mzee Hoza. Huyu aliisoma yote. Alipomaliza akaniuliza, "Nakijwa naye yumo?"

"Yumo."

"Anakaa hatua thelathini kutoka dukani kwangu," alisema. "Kila mchana nampelekea salamu."

Kesho yake asubuhi watu walimkuta nyuma ya magunia ya wanawake, amevua kanzu, anachimba shimo kwa jembe lake mwenyewe, mzee wa miaka sitini na tano. Walipomuuliza anachimba nini, alisema, "Aibu yangu." Hadi adhuhuri walikuwa wanaume kumi na wanne shimoni. Mizani ilikuwa bado ndani ya maboksi; tukaibadilisha kwa mabati, saruji na milango minne yenye komeo la ndani. Kwa kosa hilo nilipewa barua ya onyo, ninayo hadi leo.

Namkunda alirudi baada ya wiki sita, amekonda, na ile sauti yake haikurudi tena yote. Hilo sikuweza kulibadilisha kwa mabati.

Vyoo vilipokamilika, mkuu wangu alikuja, sasa akitaka kupigwa picha. Akasimama mbele ya watu wote, akapanua mikono: "Kina mama, serikali iko nanyi! Haya, semeni, mna haja gani nyingine?"

Bi Nakijwa akainuka, akajifunga kanga vizuri, na safari hii alisema kwa sauti:

"Bwana mkubwa, haja haiulizwi barazani!"

Soko likalipuka kwa kicheko, Mzee Hoza akicheka kuliko wote huku akifuta macho. Wauza ndizi wakayashusha maneno yale tambarare pamoja na mikungu yao, yakaenda soko hadi soko, hadi leo yakawafikia ninyi.

Basi kesho rudini kwa yule mama. Karatasi ziacheni mfukoni kwanza. Nunueni ndizi, chuchumaeni, msubirini hadi watu wapungue. Mwenye shida hakufichi kwa sababu ni mjinga. Anakuficha kwa sababu umemuuliza mbele ya watu anaowaonea haya. Haja, wanangu, haiulizwi barazani.