Sufuria Isiyoonjwa

Mko macho?

"Tuko macho!"

Nikianza?

"Anza!"

Nikisita?

"Tutakusukuma!"

Basi nisikilizeni, na wewe unayemfinya mwenzako hapo nyuma tulia, maana hadithi ya leo imenikaa kooni tangu asubuhi.

Hapo kale, kale ya zamani hizo, wanyama walipokuwa wakisemezana kama sisi, aliishi Mama Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Kanyama kembamba, miguu mifupi, roho kubwa. Uani kwake walikaa wale wasio na kwao tena. Alikuwepo Mzee Kobe, kipofu wa macho yote mawili. Alikuwepo Punda, aliyevunjika mguu akafukuzwa na wale wale aliowabebea mizigo. Alikuwepo Bibi Kima, hana jino hata moja, na watoto wake wote walishakufa. Kila asubuhi Mama Nguchiro aliwapikia uji.

Na uani pale palikuwa na desturi. Uji ukiiva, Mzee Kobe, kwa kuwa haoni, huuliza, "Nani amepika?" Wenzake humjibu, "Nguchiro!" Naye husema, "Basi mpishi aonje kwanza." Nguchiro akishaonja, wote wanakula.

Mwaka huo mvua ikagoma. Unga ukabaki wa kukung'uta mfuko. Nguchiro akasikia kwamba ng'ambo ya mto Mheshimiwa Tembo ana ghala la mahindi, na anatoa ruzuku kwa wote wanaohudumia wanyonge. Alifurahi huyo! Akavuka mto mbio.

Getini akamkuta Kongoni, karani wa Tembo.

"Mama, andiko lako liko wapi?"

"Andiko gani, mwanangu? Mimi nina wagonjwa."

"Wagonjwa hatuwasomi, mama. Lete andiko."

Akarudi. Akaandika siku tatu, kwa ukucha wake, juu ya gome la mti. Akavuka mto mara ya pili.

"Mbona halina muhuri?"

Akarudi. Akachonga muhuri wa kiazi, akagonga. Akavuka mto mara ya tatu, nyayo zimechubuka kwa mawe. Kongoni akalisoma andiko lote, akatikisa kichwa.

"Zuri sana, mama. Sasa tuonyeshe ruzuku uliyowahi kupewa."

"Sijawahi kupewa."

"Basi huwezi kupewa. Hapa tunampa yule aliyekwisha kupewa."

Mnayasikia hayo? Mimi nimeyasimulia mara ngapi, na kila nikifika hapo damu inanichemka!

Sasa, jirani yake Nguchiro alikuwa Mbweha. Mbweha alikuwa na ofisi, ana miwani, ana mihuri mitatu. Lakini hakuwa na mgonjwa hata mmoja, na hajawahi kumpa mtu hata maji ya kunywa. Akaja uani, mkia juu.

"Dada yangu, wewe una wagonjwa, mimi nina mihuri. Wageni wa Tembo wanakuja kunikagua. Niazime watu wako siku moja tu. Mahindi yakija, nusu yako."

Nguchiro hakupenda. Lakini alimtazama Bibi Kima akilamba bakuli tupu, akakubali.

Wageni wakaja. Wakaona wagonjwa wamepangwa mstari uani kwa Mbweha, wakaona sufuria kubwa inafuka mvuke, wakapiga makofi, wakaenda zao. Magunia yakaletwa kwa Mbweha. Nguchiro akasubiri siku saba, kisha akaenda kubisha hodi.

"Nusu yangu iko wapi?"

"Pole, dada yangu. Yameliwa na Uendeshaji."

"Uendeshaji ndiye mnyama gani? Anaishi pango lipi, nikamng'ate?"

Mbweha alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Mara ya pili akaja tena, akaapa kwa marehemu mama yake. Nguchiro angefanya nini? Watu wake walikuwa wanachemsha majani. Akawatoa tena. Wageni wakaja, wakapiga makofi, wakaenda. Magunia yakaja. Nguchiro akaenda kubisha hodi.

"Pole, dada yangu. Safari hii yameliwa na Semina."

"Huyo naye ni mke wa Uendeshaji?"

Akafungiwa mlango usoni.

Wiki hiyo Bibi Kima akafa. Alikufa ameketi, bakuli mapajani. Nguchiro akamchimbia kaburi kwa kucha zake mwenyewe. Hakulia. Hasira ilikuwa imemjaa, machozi hayakupata pa kupita.

Mbweha akaja mara ya tatu. Akahesabu watu uani, akakunja uso.

"Dada yangu, mbona mmoja amepungua? Kwenye andiko niliweka watatu. Tafuta mwingine wa kujazia."

Jamani! Wa kujazia! Hata pole hakusema.

Nguchiro akatoa kucha zake. Alitaka kumrukia koo. Lakini Mzee Kobe alikuwa amemnong'oneza jambo siku ya mazishi. "Mama, ule uji wa Mbweha hauna harufu ya uji. Na wageni wakigeuka tu, nausikia unamwagwa nyuma ya nyumba."

Nguchiro akameza hasira yake, akauliza polepole, "Safari hii Tembo mwenyewe atakuja?"

"Mwenyewe!"

"Basi nitawaleta. Na mimi nakuja."

Siku ikafika. Tembo akaja na msafara wake, Kongoni mbele. Mbweha akasimama kando ya sufuria, upawa mkononi, akahutubia mpaka jua likawa la utosi. Tembo akainua mkonga wake aage.

Ndipo Mzee Kobe akapaza sauti. "Nani amepika?"

Mbweha, kwa kupenda sifa, akajibu haraka, "Mimi! Mimi Mbweha!"

"Basi mpishi aonje kwanza."

"Mpishi aonje kwanza!" akasema Punda.

"Ni desturi ya watu hawa, mheshimiwa," akasema Nguchiro. "Bila hivyo hawali."

"Desturi nzuri," akasema Tembo. "Onja, Bwana Mbweha."

Mbweha akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akachota kidogo. "Jaza upawa," akasema Tembo. Akajaza, akanywa.

Haukuwa uji! Ulikuwa udongo mweupe, ule wa kupakia kuta, umekorogwa kwa maji ya moto. Ulimganda Mbweha ulimini, ukamganda kooni, akakohoa, akatapika mbele ya wageni wote, kisha akakimbilia porini. Ndiyo maana mpaka leo mbweha akilia, sauti yake inakwaruza.

Tembo akaguna. "Lo! Kumbe nimedanganywa."

"Hukudanganywa!" Nguchiro akaruka juu ya jiwe, nywele zote zimesimama. "Mara tatu nimefika getini kwako! Pua yako ndiyo ndefu kuliko zote humu mwituni. Sufuria hii umesimama mbele yake toka asubuhi. Umeinusa hata mara moja?"

Kongoni akatazama kwato zake. Tembo akashusha mkonga ndani ya sufuria, akanusa, akautoa umejaa udongo.

Jioni ile magunia yakaletwa uani kwa Nguchiro, bila andiko, bila muhuri. Akapika. Kobe akauliza, Punda akajibu, Nguchiro akaonja. Tembo naye akaketi chini, akaomba bakuli. Likaonekana moja limefunikwa kifudifudi pembeni, akanyoosha mkonga alichukue.

"Hilo acha," akasema Nguchiro. "Hilo ni la Bibi Kima. Ulichelewa."

Tembo akanywa uji wake kwa jani.

Na fundisho ndilo hilo, wala silipambi: ukitaka kumsaidia mwenye njaa, nenda ukaketi naye, uonje anachokula, ndipo utamjua anayempikia. Ukisoma karatasi tu, utamnenepesha mbweha, na mwenye njaa utamkuta kaburini.

Haya. Nani amepika hadithi hii?

"Wewe!"

Basi nimekwisha kuonja, ina uchungu. Sasa kuleni ninyi.