Kitunguu Hakimjui Bwana

Kitunguu hakimjui bwana. Mmeisikia leo mnadani, muuza dagaa akimrushia mgambo, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Sisi wa Nyakasenga tulilima vitunguu kabla dhahabu haijatuletea wageni. Na mkulima wa vitunguu hapandi kitu asichokijaribu. Kitunguu cha kuzalisha mbegu hukiketisha kwanza juu ya mdomo wa kikombe, kitako kikigusa maji. Kikitoa mizizi, kinaenda shambani. Kisipotoa, kinaenda chunguni.

Mwaka ule Minza, mjane wa Lugembe, alitega vyake kwa maji ya kijito kama kawaida. Vikagoma. Akabadilisha vitunguu, vikagoma tena. Akabadilisha maji, akatia ya mvua. Vikaota. Hapo Minza akageuka, akautazama mtungi waliokuwa wakinywea wajukuu wake, akaumwaga wote uani.

Juu ya kijito kile palikuwa na mtambo wa Bwana Salamba wa kuoshea dhahabu, na zebaki yake ilishuka na maji hadi kwetu. Tena alikuwa ameitisha mkutano, kijiji kimkubalie aupanue. Minza akasimama mbele ya watu wote.

“Maji yako yanaua mizizi, bwana. Na watoto wetu wanayanywa.”

“Vitunguu vyako vimeoza, mama, kama meno yako!” Wapambe wake wakaangua kicheko.

“Meno yameoza, ulimi mzima. Basi leta vya jikoni kwako. Chagua mwenyewe. Vingine tia maji ya kijito, vingine ya mvua, uviweke ofisini kwako, alinde mlinzi wako.”

Angekataaje mbele ya kadamnasi? Akakubali kwa kiburi, mkutano ukaahirishwa.

Tuliporudi baada ya siku chache, mlinzi alivileta juu ya sinia, macho chini. Vya maji ya mvua vilikuwa na mizizi mirefu, myeupe kama ndevu za mzee. Vya kijito vilikuwa na vijino vya kahawia, vifupi, vilivyopinda. Wanawake wenye watoto mgongoni ndio waliosogea kwanza kutazama. Hakuna aliyecheka.

Salamba akagonga meza. “Hapa mkubwa ni mimi! Nami nasema maji ni safi!”

Minza akainua kimoja. “Usituambie sisi. Kiambie kitunguu.”

“Kiambie kitunguu!” watu wakapokea.

“Nitawafunga nyote!”

“Kifunge kitunguu!”

Wallahi, nilikuwapo, nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Siku ile haukuinuka mkono hata mmoja wa kumkubalia. Tulipanda hadi kwenye mfereji wake, tukauziba kwa mawe, Minza akiweka la kwanza. Aliita askari. Askari wakaonyeshwa sinia, wakatazamana, wakarudi walikotoka. Mtambo ukanyamaza.

Sisi sote alikuwa na kamba ya kutufunga midomo. Huyu alimpa mwanawe kazi, yule alimtishia kumnyang'anya shamba lake, mwenyekiti alimpa pikipiki. Kwa kitunguu hakuwa na kamba. Alikichagua mwenyewe, akakilinda mwenyewe, nacho kikamkana mbele ya kijiji kizima.

Basi mtu akiwaambia mnyamaze kwa kuwa yeye ni mkubwa, msibishane na ukubwa wake. Leteni kikombe, leteni maji yake, kisha simameni wima mumwambie: kitunguu hakimjui bwana.