Sufuria ya Kujaribia

Paukwa!

"Pakawa!"

Wekeni vidole midomoni. Apeni: haya hayatoki nje ya ukuta huu.

"Hatuyatoi!"

Vizuri. Mimi nami niliapishwa vivyo hivyo, nikaapa hadi machozi. Na ndimi huyu, nayamwaga.

Hapo kale, palikuwa na nyumba ya halwa ya Bi Shemsa. Jikoni sufuria tatu kubwa za kuuzia, na moja ndogo ya kujaribia. Mpishi akiwazua jambo, alikwenda kwenye ile ndogo. Ikiungua, Bi Shemsa hucheka: "Leo tumejua lisilofaa. Haya, kesho?" Mpishi wake Mwatima akatia lozi, mji ukaja. Akatia zafarani, mji ukaja tena.

Bi Shemsa akafa. Akarithi mpwawe, Feruzi, mtu asiyewahi kushika mwiko. Siku ya kwanza aliipindua sufuria ndogo, akaikalia. Jamani, hicho ni kiti?

"Si kiti!"

Mwatima akamwambia, "Bwana, tujaribu ufuta."

"Nani kakutuma kufikiri? Koroga!"

Wanunuzi wakapungua. Jiko moja likazimwa.

"Bwana, samli imezidi, wazee hawaili tena. Tujaribu kuipunguza."

"Nani kakutuma kufikiri? Koroga!"

Jiko la pili likazimwa. Wapishi wenzake Mwatima wakaondoka, mmoja akilia.

"Bwana, tujaribu matunda ya mabungo."

"Nani kakutuma kufikiri? Koroga!"

Mwatima akabaki peke yake, akikorogea nzi. Usiku halali. Nyumba ile ikifungwa, atakula wapi?

Mara Liwali akatangaza kumwoza binti yake. Atapita mwenyewe kuonja, nyumba kwa nyumba; halwa itakayomfurahisha ndiyo itakayopikwa arusini. Feruzi akatamba barazani, "Halwa mpya ninayo mimi, nimeitunga mwenyewe!" Mwongo! Hana hata sukari ya kuungia uji.

Lakini Mwatima alikuwa akijaribu kwake, katika chungu cha marehemu mama yake. Siku ya kuonja alikuja mapema, akapika halwa ya mabungo, akaiepua, akaifunika kawa. Feruzi yuko nyuma ya mlango, anachungulia. Mwatima anamwona kivuli.

"Imeshashika ngozi," akasema kwa sauti. "Nawaita wageni, niwaambie nani kaipika."

Akatoka. Na mwiko akatoka nao.

Feruzi huyo, mbio, na sinia lake la shaba. Akafunua. Halwa inang'aa, imetulia kama maji ya mtungi. Hakuna mwiko, na wageni wanakuja. Akatumbukiza mikono yote miwili achote.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Chini ya ngozi ile halwa ilikuwa ikitokota bado. Ikamshika. Akivuta, inavutika naye.

"Mama yangu wee!"

Mlango ukafunguliwa. Liwali, wageni, mji mzima. Feruzi viwiko vinachuruzika halwa, sinia tupu miguuni.

Hakuna aliyecheka. Mwatima aliyatazama majiko mawili yaliyozimwa, na ile sufuria ndogo iliyopinduliwa. Kisha akauliza, polepole:

"Bwana, nani kakutuma kujaribu?"

Ngano yangu imeganda. Penye utamu megeni, palipoungua niachieni bibi yenu.